Daktari wa Kusahau

Ukimpigia Daktari simu na kumwuliza amefika wapi, jibu lilikuwa moja miaka yote niliyofanya kazi naye: "Niko Otonglo hapa." Alikuwa Otonglo hata akiwa bado ofisini Kisian, anatafuta funguo za gari. Alikuwa Otonglo akiwa Kisumu mjini kwenye foleni ya benki. Siku moja nilimpigia nikiwa nimesimama nje ya dirisha lake, namwona waziwazi akifunga kamba za viatu, akaniambia yuko Otonglo na sokoni kuna msongamano kidogo. Nikagonga kioo. Akageuka, simu ingali sikioni, akanitazama bila haya yoyote.

"Sasa unaona," akasema, "tungepishana njiani bure."

Na huyu ndiye mwanamke ambaye hangekubali neno moja la kukisia liingie kwenye fomu zake. Nikiandika kwamba mzee fulani alianza kusahau "zamani kidogo," alinirudisha kwa huyo mzee, nipande kilima na jua la saa saba, nikaulize kama hiyo zamani ilikuwa kabla ya harusi ya mjukuu au baada yake, na mjukuu yupi. "Zamani kidogo si kipimo, Mwalimu," alikuwa akisema.

Aliniita Mwalimu kwa sababu alinitoa kwenye shule ya chekechea. Alikuwa anatafuta mtu wa kuuliza wazee maswali bila kuwaharakisha, akaona anayeweza kumvumilia mtoto wa miaka minne akifunga vifungo vya sweta anaweza pia kumvumilia mzee wa miaka themanini akitafuta jina la mkewe. Nikawa mhoji wake na mkalimani wake. Yeye alichunguza yale magonjwa yanayokula ubongo polepole uzeeni, yanaanza na kumbukumbu, yanafuata maneno, mwisho yanachukua hata miguu. Watu wa kando ya barabara ya Busia, kuanzia Otonglo mpaka Kisian na vilima vya juu yake, walimwita Daktari wa Kusahau. Nadhani mwanzoni hawakuwa wanazungumzia utafiti.

Maana mwenyewe alikuwa anasahau! Kuna asubuhi alikwenda kituo cha polisi kupiga ripoti kwamba gari lake limeibwa. Askari wa zamu akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika rangi, akaandika namba, kisha akamwambia kwa heshima, "Daktari, gari yako iko hapa nje. Jana ulikuja nayo kuandikisha simu imepotea, ukarudi na boda." Na simu, akaongeza, ilikuwa imepatikana pia, ilikuwa inalia ndani ya hilo gari tangu jana.

Nilipata ujasiri wa kumwuliza kama yeye hana wasiwasi na kichwa chake. Hakukasirika.

"Kusahau ulikoweka funguo si ugonjwa," alisema. "Ukishika funguo mkononi ukaniuliza ni kitu gani, hapo tukae chini tuzungumze."

Kilichompa raha kuliko vyote ni lugha. Dholuo yake, lugha yetu Wajaluo, ilikuwa ya Port Victoria, imepakana na Kinyala, lugha ya majirani, pande zote, na kila akifungua mdomo akina mama wa Kisian walibana vicheko. Hakujali. Siku niliyomweleza kwamba sisi tukitaka kusema "nimesahau" tunasema *wiya owil*, yaani kichwa changu kimebadilika, alisimamisha gari katikati ya barabara ya vumbi, kondoo wa watu wakamzunguka.

"Kimebadilika? Si kwamba kimepoteza kitu?"

"Kimebadilika, Daktari."

"Wazee wenu walijua," akasema, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu kwa sababu daftari alikuwa amelisahau.

Maswali tuliyoanza nayo yalitoka mbali. Yalikuwa yametafsiriwa vizuri, lakini yalikuja na mazoea ya kwao. Tulimwambia mama mmoja muuza samaki aanze na mia, atoe saba, atoe saba tena, aendelee hivyo. Akatutazama kama watu waliopotoka. "Mimi nikiuza sitoi," alisema. "Naongeza." Mwingine tulimpa maneno matatu ayashike kichwani: kiti, mlango, mchanga. Baada ya dakika tano tukamwomba ayarudie. Akasema ameyaacha, kwa sababu hakuona tunajenga nini.

Aliyetuvunja kabisa ni mzee mmoja aliyekuwa baharia wa meli za ziwani. Tulimwambia achore saa. Akachora duara safi, akaweka namba zote kumi na mbili mahali pake, akaturudishia karatasi. Tukamwambia aweke mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Akakataa. Kwa mujibu wa mwongozo, hiyo ilikuwa dalili mbaya, na mimi niliandika hivyo. Tulipokuwa tunatoka Daktari akageuka, akamwuliza kwa nini.

"Saa yenyewe haina mishale," mzee akasema. "Mmeniambia nichore saa. Nimechora ya kwangu."

Daktari akaomba kuiona. Ilikuwa sebuleni, juu ya kabati, na haikuwa na mshale hata mmoja; mkewe aliiangusha mwaka walipotoboa kisima. Daktari alimshukuru mzee, akatembea mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mlango, na nikamwona kupitia kioo akicheka huku akijipigapiga kwenye usukani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Tulikuwa tunamwandika mgonjwa," aliniambia, na hapo hakuwa anacheka tena. "Mwalimu, tulikuwa tunamwandika mgonjwa mtu mwenye macho kuliko sisi." Wiki ile hatukwenda kwa mtu yeyote. Tulikaa ofisini na akina mama wawili wazee wa Kisian, tukayatengeneza maswali upya: nitajie samaki wote unaowajua, nieleze namna ya kupika aliya, nyama ya kukaushwa juani, kuanzia mwanzo, nani alizikwa kwanza katika boma hili, na nani akamfuata. Wenzake wa Nairobi walilalamika kwamba sasa hawawezi kulinganisha. Akawajibu kwamba afadhali usiweze kulinganisha ukweli kuliko kulinganisha upuuzi.

Lakini nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mtu wa kupima watu presha na kuwakataza chumvi, na droo yake ya chini ilikuwa imejaa karanga za chumvi. Alipenda kusema kila mtu asikilizwe, na ukimletea habari ndefu alianza kukumalizia sentensi. Alihubiri kwamba sayansi si siri ya watu wachache, kisha akipewa kipaza sauti alizungumza namna ambayo hata watu wachache hawakuelewa.

Hapo ndipo yanapoingia mambo ya omena, dagaa wetu wa ziwani.

Kituo kimoja cha redio cha mjini kilimwalika asubuhi aelezee utafiti wake. Nilimwomba twende pamoja nimsaidie maneno. Akasema ubongo ni wake na Dholuo ni yake, atajisimamia. Nikamsikiliza nikiwa nyumbani. Kwa nusu saa alieleza kwamba katika baadhi ya magonjwa haya kuna protini zinazojikunja vibaya, zinarundikana ndani ya ubongo na kuzisonga seli. Ni kweli, na aliyasema taratibu. Tatizo ni kwamba watu wetu protini wameijua kliniki, pale wanapopimia watoto, na kliniki wameambiwa protini ni maharagwe, maziwa, mayai, na zaidi ya vyote omena.

Msikilizaji wa kwanza akapiga. "Daktari, sasa omena tule ama tuwache?"

Mtu mwingine yeyote duniani angesema, "Kula, mama, hiyo ni protini nyingine." Nikamwona Daktari akilini mwangu akitafuta jibu lisilo na kosa. Halafu akasema, hewani, mkoa mzima ukisikia: "Kuhusu omena hasa, hatuna utafiti wa kutosha kusema."

Nilishika kichwa.

Siku ya tatu wauza omena wa Otonglo walifika ofisini Kisian. Walikuwa watano, wakiongozwa na Mama Atieno, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Walikuja na karai lenye omena waliokauka vizuri, wakalitua juu ya meza ya Daktari, juu ya makaratasi yake.

"Daktari wa Kusahau," Mama Atieno akaanza, "hii maneno yako imemaliza soko. Watu wanapita wanaangalia omena kama sumu. Mama mmoja amenirudishia mkebe mzima wa gorogoro, ati kichwa cha bwanake kisiharibike. Huyo bwana kichwa chake tunajua kiliharibika kitambo!"

Wenzake wakaitikia. Daktari alijaribu kueleza kwamba hakusema omena ni mbaya.

"Ulisema ni mzuri?"

"Nilisema hatuna utafiti."

"Mimi nina watoto sita wamekula omena tangu wapate meno. Huo si utafiti?"

Nilingoja Daktari aanze kueleza tofauti ya watoto sita na utafiti. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiona kwamba neno lake la ukweli limemwangukia mtu kichwani. Badala yake aliwauliza siku ya soko ni lini.

Siku hiyo alifika Otonglo kwelikweli, na kabla ya saa aliyoahidi. Nilidhani kuna msiba. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya mabanda, akala sahani ya omena na ugali mbele ya watu wote, akaongeza ya pili. Alikula kwa bidii mpaka akina mama wakaanza kumwonea huruma. Kisha akasimama kueleza. Protini anazozungumzia, alisema, si za sahani. Mwili unajitengenezea zake, kama mtu anayekunja leso: ikikunjwa vizuri inaingia kwenye sanduku, ikikunjwa vibaya inarundikana hapo hapo na nyingine juu yake, mpaka mlango wa chumba haufunguki.

Watu waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Mama Atieno ndiye hakuridhika.

"Leso hata ikirundikana unaikunja tena," alisema. "Hii yako inakunjika tena?"

"Hapana. Haikunjiki."

"Basi si leso. Hiyo ni neti. Neti ikishikana yenyewe kwa yenyewe, ukivuta huku inakaza kule. Hata ukikaa nayo siku nzima, huipati. Samaki hapiti, na wewe huna neti."

Daktari akaniomba kalamu. "Rudia, Mama," akasema.

Tangu siku hiyo alieleza kwa neti. Aliieleza kanisani, aliieleza redioni aliporudi, safari hii mimi nikiwa kando yake nikimfinya kila alipotaka kusema "hatuna utafiti wa kutosha" bila kuongeza kitu. Aliieleza hata ng'ambo. Alinionyesha picha za kongamano moja kubwa: ukutani, mbele ya maprofesa, kulikuwa na neti iliyoshikana, na chini yake imeandikwa kwamba maelezo ni ya Mama Atieno, soko la Otonglo. Nilimpelekea Mama Atieno picha hiyo. Aliitazama sana, akauliza mbona yeye hakuitwa.

Kulikuwa na jambo jingine lililowakasirisha wenzake. Matokeo yetu yakiwa tayari aliyasoma kwanza katika ukumbi wa kanisa Kisian, mbele ya waliojibu maswali, kabla ya kuyapeleka kwa wataalamu. Bwana mmoja alisafiri kutoka Nairobi kumwambia kwamba utaratibu hauko hivyo.

"Unawasomea wazee wa kijiji kabla ya wataalamu?"

"Ubongo ni wao," Daktari alimjibu, akamwomba amsaidie kupanga viti.

Mkutano wa kwanza ulijaa. Nilitafsiri, yeye akisimama kando yangu na kusahihisha Dholuo yangu kwa Dholuo mbovu zaidi. Alieleza tulichopata: kwamba kuna wazee wengi wanaougua ambao hakuna aliyewahesabu, kwamba wengine wamefichwa, kwamba wachache wameitwa wachawi kwa sababu tu waliingia nyumba isiyo yao wakidhani ni yao. Akasema ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, hauambukizi, na si adhabu. Mzee mmoja wa mbele akanyanyua fimbo.

"Dawa iko wapi?"

"Ya kuponya haipo, Mzee."

"Mmetusumbua na maswali miaka yote hii, halafu mnakuja kutuambia dawa hakuna?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hata mganga," mzee akasema akiwageukia wenzake, "angetudanganya kidogo."

Ukumbi ukalipuka. Daktari alikuwa wa mwisho kucheka kwa sababu nilichelewa kumtafsiria "angetudanganya", na alipocheka, alicheka peke yake, kila mtu akiwa amenyamaza, jambo lililowachekesha upya.

Mimi sikucheka sana siku hiyo. Niliposema kwa kinywa changu mwenyewe kwamba wengine wamefichwa, nilibana mkoba wangu kwapani.

Baba yangu alikuwa karani wa reli, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amestaafu kitambo. Akaanza kuamka asubuhi, kuvaa koti, na kuteremka barabarani kungoja garimoshi lililoacha kupita kabla mimi sijaolewa. Mara mbili alipatikana mbali. Baba mdogo, yaani nduguye anayemfuata, mzee wa kanisa, alisema hii ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko, kwa sababu baba alihama boma la wazazi bila kufuata mila. Alisema hivyo polepole, lakini kila wiki. Mume wangu alikuwa amefariki, nimerudi nyumbani, na kazi nilikuwa naihitaji. Basi nilinunua kufuli. Nikienda kazini kuwauliza watu kama wanawafungia wazazi wao, nilikuwa nimemfungia wangu, na ufunguo uko kwenye mkoba, chini ya fomu.

Daktari hakuwahi kuuliza. Siku moja alitandaza mezani ramani ya kilima chetu, ile tuliyowekea alama nyumba tulizotembelea. Nyumba zote zilikuwa na alama isipokuwa moja. Alichora duara kuizunguka kwa penseli, polepole, akarudisha penseli nyuma ya sikio.

"Jumamosi nitakula kwako," alisema. "Usipike omena. Nimeshiba maisha yangu yote."

Jumamosi alichelewa saa mbili, kama kawaida, na katika saa hizo mbili nilifunga na kufungua lile kufuli mara nne. Mwishowe nililivua nikalitia kwenye pipa la unga. Alipoingia alisalimia kwa ile Dholuo yake ya kupinda. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni. Siku nyingi alikuwa hajaniita jina langu, wala la mtu mwingine. Akainua kichwa.

"Adhiambo," alisema. "Umetoka kwenu Port Victoria leo?"

Adhiambo alikuwa dada yake. Aliolewa huko Port Victoria akapata hiyo lafudhi, na alikufa nikiwa darasa la tatu. Nilifungua mdomo kusahihisha. Daktari alinigusa mkono.

"Nimetoka leo," akamjibu. "Njia ilikuwa mbaya."

"Na watoto?"

"Wazima. Wanakusalimia."

Baba alimpangusia kiti kwa mkono wa koti. Walikaa pale mpaka jua likageuka. Alimwuliza kuhusu ng'ombe, kuhusu paa la nyumba, kuhusu ugomvi fulani wa mahari ambao sikuwahi kuusikia, na Daktari, ambaye aliwahi kunirudisha kilimani kwa sababu ya "zamani kidogo," alijibu kila kitu: ng'ombe amezaa, paa limerekebishwa, ugomvi umekwisha. Baba alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa kukohoa.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilikuwa na machozi na hasira pamoja.

"Umemdanganya, Daktari. Wewe."

"Ameniita, nimeitika." Alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba. "Ungemwambia dada yake amekufa, angefiwa leo. Kesho umwambie tena, afiwe tena. Sasa huo ukweli ungekuwa wa kumsaidia nani?"

Nikamwambia habari ya kufuli. Nilimwambia yote, hata mkoba, hata fomu. Sikutarajia anipe pole na hakunipa. Alisema fomu si lazima, nyumba yangu inaweza kubaki bila alama mpaka mwisho wa dunia. "Lakini waambie watu wa steji," akasema. "Wale wa boda. Mtu akijulikana hapotei sana."

Ilinichukua siku nne kuwaambia. Nilizunguka maneno, nikanunua ndizi nisizozitaka. Mwishowe nilimwambia mkubwa wao kwamba baba ni mgonjwa, ugonjwa ni wa kusahau, na wakimwona barabarani wamrudishe. Akashangaa. "Karani? Sisi tumejua, Mama. Tulikuwa tunaogopa kukuambia." Tangu siku hiyo baba aliteremka asubuhi kungoja garimoshi lake, wakampa kiti, na jua likianza kuwa kali mmoja wao alimwambia, "Karani, ya leo imefutwa," akampandisha nyumbani. Daktari alikuja kula mara nyingi. Alikuwa Adhiambo kila mara. Alimletea baba samaki wa Port Victoria, akapewa lawama zote alizostahili Adhiambo, akaomba msamaha kwa baadhi yake.

Utafiti ulifika mwisho wake, naye akastaafu akarudi kwao. Baba alikufa mwaka jana, akiwa amelala, mwepesi kama koti lake.

Siku ya mazishi, hema lilijaa, na mwendesha shughuli alikuwa akimpa kila mzungumzaji dakika mbili ambazo hakuna aliyeziheshimu. Baba mdogo alisoma wasifu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kanisani, mpaka akafika pale ambapo sisi huwa tunaandika kwa mazoea: kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Daktari alikuwa ameketi safu ya nyuma, amekuja kwa njia anayoijua yeye, vumbi limempaka hadi magotini. Hakunitazama. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na karatasi ya shukrani. Sikuisoma.

"Imesomwa kwamba baba aliugua kwa muda mfupi," nilisema. "Aliugua miaka saba. Ulikuwa ugonjwa wa ubongo, ule wa kusahau. Haukuwa laana. Hakumkosea mtu." Niliona vichwa vikigeukiana. Nikashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. "Na mimi, niliyekuwa nikija kwenu na fomu, nilimfungia ndani kwa kufuli karibu mwaka mzima kwa sababu ya aibu. Nawaambia kwa sababu najua siko peke yangu hapa."

Hapakuwa na makofi. Mwendesha shughuli, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila kitu, alipokea kipaza sauti akaita tu mzungumzaji aliyefuata. Nilirudi kwenye kiti nikijua kwamba watu wa kwetu watalizungumza jambo hili mpaka Krismasi.

Baada ya maziko watu walikwenda kula. Nilimkuta Daktari pembeni ya hema, sahani mapajani, wali, nyama na kabeji. Alikuwa amezeeka, shingo imepungua ndani ya kola. Nilidhani ataniambia kitu kuhusu hotuba yangu. Akaniambia nyama ni ngumu.

Nilikuwa bado nimesimama pale baba mdogo alipokuja. Alikuwa na kiti cha plastiki mkononi na Biblia kwapani. Nilijiandaa kwa maneno makali, maana nilikuwa nimemkanusha mbele ya watu. Hakunitazama. Aliweka kiti mbele ya Daktari, karibu sana, magoti yao yakakaribia kugusana, akaketi.

"Daktari," alisema, na sauti yake ya kanisani haikuwepo. "Jumapili iliyopita nilitoka ibadani nikasimama barabarani. Sikujua kwangu ni juu ama ni chini."

"Ulimwambia nani, Mzee?"

"Hakuna. Nikangoja mtoto wa jirani apite, nikamfuata nyuma."

Daktari aliiweka sahani chini kwenye nyasi, ingali imejaa, akapangusa mikono kwenye sketi. "Niambie tangu mwanzo," alisema.

Nilivuta kiti, nikakaa nikiwapa mgongo. Watu walianza kuja kumsalimia, maana wengi walimkumbuka, na kila aliyekuja nilimsimamisha pale pale nikamwomba angoje kidogo, Daktari bado anakula.